Atelie, INPP au shule ya ufundi: wapi pa kujifunzia ufundi wa frigo na klima Lubumbashi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, swali hili hurudi katika nyumba nyingi za komuni zetu za Katuba, Kenya na Ruashi: kijana anataka ufundi wa frigo na klima, aende wapi? Mjomba atasema mpelekeni kwa patron mwenye atelie, atashika spana kesho asubuhi. Shangazi atajibu kwamba bila cheti hatavuka hata geti la kampuni. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana kazi yake kichwani. Kwa hiyo sitaanza na shule. Nitaanza na kazi yenyewe, maana njia inayomfaa fundi wa mtaani inaweza kumpotezea miaka yule anayetaka mgodi.

Kazi ya baridi mjini kwetu ina sura kama tatu. Ya kwanza ni frigo za nyumbani na za mama wanaouza maji, soda na nyama. Ni kazi isiyokwisha: umeme unashuka, unapanda, unakatika, na kila ukirudi kwa kishindo kuna kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inayolala mahali fulani. Ya pili ni vyumba vya baridi vya samaki na kuku. Thomson anayevuliwa Namibia na kuku wa kugandishwa huingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, na kuanzia pale mpakani hadi sokoni kuna mtu lazima alinde ile baridi. Mashine ya chumba kama hicho ikisimama usiku mmoja, mtaji wa mtu unaoza. Ya tatu ni klima: benki, hoteli, kliniki, vyumba vya kompyuta, halafu migodi ya njia ya Likasi, Fungurume na Kolwezi, ambako klima hupoza vyumba vya umeme na kabini za magari makubwa. Huko klima ikifa, uzalishaji unasimama.

Juu ya hizo kuna kazi ambazo watu huzisahau. Frigo za chanjo katika vituo vya afya zinatakiwa kukaa kati ya +2 na +8 °C, na chanjo nyingine zikiganda zinaharibika kabisa, hivyo baridi ya kupita kiasi ni hasara sawa na joto. Na mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi ukishuka chini ya 10 °C, watu wenye klima za kugeuza, zinazotoa baridi au joto, huzitumia kupasha nyumba. Fundi anayeelewa jinsi valvu ya ndani yake inavyogeuza njia ya gesi hupata kazi wakati wengine wanalalamika kwamba msimu umelala.

Tulinganishe sasa.

Atelie ya mtaani

Nguvu ya atelie ni wingi wa magonjwa. Kijana anayekaa kwa patron mwenye wateja huona kwa mwezi mmoja kile ambacho mwanafunzi wa darasani huenda asikione mwaka mzima: frigo iliyotobolewa kwa kisu wakati mtu anabandua barafu, klima iliyozibwa na vumbi jekundu la kiangazi, kompresa iliyoungua kwa umeme mdogo, waya zilizoliwa na panya. Mikono yake inazoea. Sikio linaanza kutofautisha kompresa inayohangaika kuwaka na ile iliyokwisha kufa. Anajifunza pia kuzungumza na mteja, kukadiria bei, kutafuta kipuri cha zamani kilicho kizima. Hakuna chuo kinachofundisha hayo vizuri.

Tena umeme wetu mbovu, kwa namna fulani, ni mwalimu. Sehemu kubwa ya frigo na klima zinazoletwa atelie hazina shida ya gesi hata kidogo. Kapasita imechoka, rile imeungua, kinga ya joto inakatakata kwa sababu volti imeshuka. Kijana aliyefundishwa vyema anatoa multimeta ya kupimia umeme kabla ya manometa ya kupimia presha ya gesi. Anapima volti ukutani, kisha anapima ukinzani kati ya nyaya tatu za kompresa, na anajua kwamba vipimo viwili kutoka ncha ya pamoja vikijumlishwa lazima vilingane na kipimo cha tatu. Visipolingana, kompresa ina kasoro ndani na hakuna haja ya kufungua mabomba.

Udhaifu wa atelie uko palepale ambapo mteja haoni. Mzunguko wa gesi katika frigo umefungwa. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna tundu, na kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kuuza wiki chache za baridi. Najua kwa nini inafanyika: mama mwenye frigo anataka bei ndogo, patron hana mtungi wa azoti (naitrojeni), pampu ya kunyonyea hewa ni ghali. Lakini kijana anayejifunza katika mazingira hayo huona njia ya mkato ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo inapouma, kwa sababu tabia ya miaka miwili ya kwanza hukaa mikononi maisha yote.

Chukua ugonjwa mmoja ambao kila mtu mjini ameuona. Frigo inagandisha vizuri, halafu inaacha kupoza ingawa kompresa inazunguka. Unaizima saa kadhaa, unaiwasha, inapoza tena, kisha inaacha. Mwenye nyumba anadhani ni termostati. Mara nyingi ni maji. Fundi aliyepita alifungua mabomba, akajaza gesi bila kunyonya hewa sawasawa, unyevu ukabaki ndani. Unyevu huo unaganda mwishoni mwa kapilari, ule mrija mwembamba kama uzi, na kuziba njia. Ukizima, barafu inayeyuka, njia inafunguka. Dawa ni kubadilisha filta, kuvuta hewa yote kwa pampu hadi maji yachemke na kutoka kama mvuke, ndipo ujaze gesi kwa mizani. Patron asiye na pampu hawezi kumwonyesha mwanafunzi wake dawa hiyo. Atamwonyesha kuongeza gesi tena.

Sasa kuna jambo la hatari kuliko hilo. Frigo nyingi mpya zinazouzwa mjini zina R-600a, yaani isobutani, na klima na frigo za biashara zinaanza kuja na R-290, propani. Gesi hizi zinawaka. Ni nzito kuliko hewa, zinatambaa chini, na kiasi cha karibu asilimia 2 hewani kinatosha kushika moto. Frigo ya nyumbani ina gramu chache, kwa kawaida haifiki 150, na mtu anaweza kudharau. Lakini desturi ya atelie nyingi ni kuelekeza moto wa kulehemu kwenye bomba ili kulifungua. Kwa R-12 ya zamani au R-134a desturi hiyo ilikuwa mbaya tu. Kwa R-600a inaunguza uso. Bomba hukatwa kwa kikata mabomba, mahali penye upepo, gesi ikiwa imekwisha kutolewa nje na mfumo kusafishwa kwa azoti, ndipo moto uwashwe.

Kwa R-600a, tena, upande wa presha ndogo wa mfumo mara nyingi hufanya kazi chini ya presha ya hewa ya nje. Tundu likiwa upande huo, gesi haitoki. Hewa ndiyo inayoingia. Kijana aliyezoea kutafuta tundu kwa povu la sabuni wakati mashine inazunguka hataliona kamwe.

Kwa hiyo ukitaka atelie, usichague patron kwa sifa za mtaa peke yake. Nenda ukatazame ukuta wake wa vyombo. Ana pampu ya kunyonyea hewa? Ana mtungi wa azoti wenye regulata? Ana mizani? Kama anajaza gesi kwa kusikiliza na kugusa bomba, huyo ana uzoefu, nami ninauheshimu, lakini hatamfikisha kijana mbali na frigo ya jirani. Na ukimwona anapima uvujaji kwa oksijeni ya kulehemu badala ya azoti, mtoe mtoto wako siku hiyohiyo. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

INPP na vituo vya mafunzo

Taasisi ya Taifa ya Maandalizi ya Kazi, ambayo sisi sote tunaiita INPP, ipo tangu 1964, na ina uongozi wake wa jimbo hapa Lubumbashi. Kazi yake si kutoa shahada. Inaandaa watu kwa kazi: vijana wanaoanza, watu wazima wanaobadilisha ufundi, na wafanyakazi ambao kampuni zao zinawapeleka kunoa ujuzi. Baridi na klima ni mojawapo ya fani zake. Kuna pia vituo vya kidini na vya watu binafsi vinavyofundisha umeme na ufundi mwingine, baadhi vikiwa na somo la baridi ndani yake.

Hapa kijana anapata kile atelie isichompa: sababu. Anaambiwa gesi inachemka kwenye evaporeta, upande wa baridi, na kugeuka kimiminika kwenye kondensa, upande wa joto, na kwamba kila presha ina joto lake. Akiona kwenye manometa bar 5 hivi upande wa presha ndogo wa klima ya R-22, anajua gesi inachemka karibu na 5 °C. Kwa R-410A joto hilohilo lina presha ya bar 8 na zaidi. Asiyejua hilo ataona bar 8 kwenye mashine mpya, atadhani gesi imezidi, ataitoa, na kuharibu mashine iliyokuwa nzima.

Anajifunza pia kupima ziada ya joto, yaani tofauti kati ya joto la bomba linalorudi kwenye kompresa na joto ambalo gesi inachemka. Kipimo hicho kimoja kinaeleza mambo mengi. Ikiwa kubwa mno, evaporeta ina njaa: gesi ni kidogo au njia imeziba. Ikiwa karibu na sifuri, gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika na itaivunja. Hakuna haja ya kubahatisha.

Nitoe mfano wa hapa kwetu, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya karibu bar 0.88. Pampu nzuri ikinyonya hewa yote kwenye bomba, sindano ya manometa itasimama karibu na -0.88, haitafika -1 hata ukikesha. Fundi asiyefundishwa hili atailaumu pampu, au atatafuta tundu ambalo halipo. Aliyefundishwa anajua kwamba sindano ile haitoshi kupima ukavu wa bomba, na kwamba kinachotakiwa ni kipima-ombwe cha elektroniki kinachoshuka hadi maikroni 500 au chini yake. Ukienda kuuliza nafasi katika kituo chochote, muulize mwalimu swali hili moja la sindano. Jibu lake litakuonyesha kama anafundisha kutoka kitabuni au kutoka kazini.

Udhaifu wa kituo unajulikana. Mashine ya kufundishia imepangwa kwenye meza, safi, kila skrubu inafunguka. Ile ya juu ya paa la hoteli ina kutu, waya hazina rangi, mtu aliyeifunga hakuacha mchoro, na meneja amesimama nyuma yako akitazama saa. Wanafunzi wakiwa wengi na vyombo vichache, wawili wanashika na wengine wanaandika. Mtu anaweza kumaliza akiwa na cheti na daftari zuri, lakini hajawahi kulehemu bomba la shaba lililoning'inia juu ya kichwa chake. Bila staji, yaani mazoezi kazini, na staji ya kweli si ya kufagia, cheti hicho kinabaki karatasi.

Kwa wale walio tayari kazini kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Waajiri hulipa INPP mchango unaohesabiwa kwenye mishahara. Kampuni yako inachangia, uende au usiende. Kama wewe ni fundi umeme katika kampuni na unataka kuongeza klima, mwendee mkuu wa wafanyakazi ukiwa na jina la mafunzo na muda wake, umwombe akupeleke. Usianze kwa kulipa mwenyewe kabla ya kuuliza.

Ugonjwa mmoja, vijana wawili

Ili tofauti ionekane, weka mashine moja mbele yao. Klima ya ofisi karibu na katikati ya mji inapuliza hewa lakini haipozi. Bomba jembamba lina barafu.

Kijana wa atelie anafika na mfuko mmoja. Anafungua filta mara moja, anaitikisa, anaona imeziba, anaiosha. Hapo tayari ameshamshinda mwenzake kwa nusu saa, kwa sababu amekwisha kuona klima nyingi zenye barafu ambazo dawa yake ilikuwa maji na sabuni. Lakini barafu ikirudi, anafunga mtungi na kuongeza gesi hadi bomba kubwa litoe jasho. Klima inapoza. Ameondoka na fedha yake. Kama mashine ni ya R-410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, naye alijaza kwa mvuke, gesi hizo zinaweza kuingia bila uwiano wake. Inatakiwa ijazwe ikiwa kimiminika. Kama kulikuwa na tundu, ataitwa tena, au ataitwa mwingine.

Kijana wa kituo anafika, anafunga manometa, anapima joto la bomba, anaandika. Presha ya chini imeshuka, ziada ya joto ni kubwa. Anasema gesi imepungua, tutafute tundu. Ana haki. Lakini amechukua muda mrefu, hakupima volti kwanza, na anaogopa kufungua kifuniko chenye skrubu iliyooza. Akipata tundu kwenye kiungo cha nati, anatoa gesi na kuikusanya, anakata, anatengeneza ncha upya, anajaza azoti, anasubiri, ananyonya hewa, anajaza kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Mwaka ujao klima bado inapoza.

Mteja wa mtaani, mwenye frigo kuukuu na fedha ya leo, atamwita wa kwanza. Benki na mgodi watamwita wa pili, na wakimwona wa kwanza akifungua gesi hewani ndani ya eneo lao watamtoa. Fundi ninayemtamani kwa ajili ya mji huu ni yule mwenye mikono ya wa kwanza na daftari la wa pili. Huyo hupatikana, lakini hapatikani kwa njia moja.

Gesi zinazoondoka

Kuna sababu nyingine ya kutochagua mafunzo ya kizamani, nayo haitegemei sisi. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda tabaka la ozoni, uliondoa R-12, na nchi zinazoendelea ziliacha gesi za aina hiyo mwaka 2010. Sasa ni zamu ya R-22, ambayo bado iko kwenye klima nyingi za mji. Ratiba ya nchi kama yetu inataka matumizi yake yapunguzwe kwa asilimia 67.5 mwaka 2025 na asilimia 97.5 mwaka 2030. Kinachobaki baada ya hapo ni kidogo, cha kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Kisha Marekebisho ya Kigali ya mkataba huo, yaliyopitishwa Oktoba 2016, yakagusa hata zile zilizokuja kuibadili: R-134a na R-410A haziharibu ozoni, lakini zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R-410A hewani ni kama kilo elfu mbili na zaidi za hewa ya kaboni. Kwa kundi letu la nchi matumizi yalisimamishwa yasipande kuanzia 2024, na kupunguzwa kunaanza 2029.

Maana yake kwa kijana anayeanza leo ni hii: R-22 itapungua sokoni na bei yake itapanda akiwa bado kijana. R-32, R-290 na R-600a ndizo zitakazomlisha. Zote tatu zinawaka, R-32 ikiwa na moto mdogo kuliko nyingine. Mahali pa mafunzo pasipo na mashine hata moja ya gesi inayowaka, na mwalimu wa kuieleza, panamfundisha kazi inayofungwa. Gharama ya somo si kisingizio: frigo moja ndogo ya R-600a inatosha.

Shule ya ufundi

Humanite za ufundi, yaani sekondari ya juu, huchukua miaka minne na kuishia kwenye diploma ya Serikali. Shule za Wasalesiani mjini, kama Salama, zimejenga jina kwa miaka mingi katika umeme na mekanika. Nasema wazi: kwa mtoto wa miaka 14 au 15 anayependa kuvunja redio na kuzijenga upya, hii ndiyo njia, na chaguo liwe umeme. Baridi ataiongeza baadaye kwa miezi, kwa sababu robo tatu ya kazi atakuwa ameshaijua. Diploma inamfungulia pia chuo kikuu siku akitaka. Lakini kwa kijana wa miaka 22 mwenye mtoto wa kulisha, miaka minne ni mingi.

Simu na ng'ambo ya mpaka

Simu si shule, ila ni msaidizi mwema. Kampuni ya vifaa vya baridi ya Danfoss ina masomo ya bure mtandaoni na programu ya simu inayoonyesha joto la kila gesi kwa kila presha. Hiyo ya pili nashauri kila mwanafunzi aiweke, hata yule wa atelie. Video za kulehemu zinafaa kutazamwa, lakini moto haujifunzwi kwa macho.

Wengine huwaza Zambia, kwa kuwa Ndola na Kitwe ni karibu kuliko Kinshasa. Ukijua Kiingereza na una ndugu wa kukulaza, jaribu. Ukirudi, utahitaji kufanya cheti chako kieleweke kwa mwajiri anayesoma Kifaransa, na wateja wako hawatakuwa wamekujua.

Nani aende wapi

Mwenye diploma ya Serikali ya fani nyingine, hana kazi, ana miaka ishirini na kitu: aanze kituoni, amalize, kisha aingie atelie yenye vyombo kwa mwaka mmoja hata kwa malipo madogo. Nasisitiza mpangilio huo. Anayeanza na sababu hujifunza haraka akifika kwenye magonjwa. Anayeanza na njia za mkato huona mwalimu anampotezea wakati.

Mwanafunzi wa atelie mwenye miaka kadhaa mkononi asiache kazi yake. Atafute mafunzo mafupi ya kunoa ujuzi, ya jioni au ya wiki chache, na alenge vitu vitatu tu: umeme wa nyaya tatu, kunyonya hewa na kupima, gesi zinazowaka. Akae na patron wake kwa heshima, amweleze anachokwenda kutafuta. Patron wengi hufurahi. Wengine huogopa kunyang'anywa wateja, na hapo maneno mazuri yanahitajika mapema, na mara nyingine mzee wa kusindikiza.

Anayetaka mgodi ajue kwamba kampuni kubwa nyingi haziajiri fundi wa klima moja kwa moja. Kazi hupewa wakandarasi. Sheria ya 17/001 ya 8 Februari 2017 imeweka ukandarasi huo mikononi mwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Mlango upo, na unafunguka kwa karatasi: cheti, barua ya staji, na uwezo wa kusoma mchoro wa umeme kwa Kifaransa. Humo usalama hauna mjadala. Umeme unazimwa, unafungwa kwa kufuli yako, ufunguo unakaa mfukoni mwako, ndipo mkono unaingia ndani ya mashine. Atelie haifundishi hilo. Kijana wa mgodi alijifunze kabla ya siku ya kwanza.

Kwa wasichana, na kwa mama wanaojiuliza kama binti yao anaweza: anaweza, na mji una nafasi yake. Ningemwanzisha kituoni, ambako saa zinajulikana na mafunzo yako hadharani, kisha atafutiwe staji mahali penye watu wazima wa kuaminika, kama hospitali, hoteli au duka la mashine. Frigo nyingi za nyumbani ziko jikoni mwa mwanamke aliye peke yake mchana. Fundi wa kike anafunguliwa mlango huo kwa urahisi ambao kaka yake hana.

Kuhusu fedha, usihesabu ada peke yake. Hesabu nauli ya kila siku kutoka Katuba au Ruashi, miezi ambayo kijana hataleta kitu nyumbani, na vyombo. Vyombo ndivyo huwaangusha wengi baada ya cheti: multimeta, manometa zenye mipira, kikata mabomba na kifaa cha kutengeneza ncha, mizani, na mwishowe pampu. Anunue kwa mpangilio huo, multimeta kwanza, akiwa bado anasoma, kidogo kidogo. Vijana wawili au watatu waliosoma pamoja wakinunua pampu moja ya ushirika, wanaweza kuanza.

Kabla ya kulipa popote, nenda siku ya kazi, saa za mazoezi, usiende siku ya kujiandikisha. Simama mlangoni uhesabu: wanafunzi wangapi wanashika chombo, wangapi wanatazama. Omba kuona mabomba waliyolehemu wanafunzi wa mwaka uliopita, ukatishe moja katikati utazame ndani. Likiwa na magamba meusi, walilehemu bila kupitisha azoti, na magamba hayo ndiyo huziba kapilari. Likiwa na rangi ya shaba safi ndani kama nje, muulize mwalimu ada ni kiasi gani.